Kompresa ya Pili Nayo Imekufa kwenye Carina Yangu: Je, Ninunue ya Tatu?

SWALI

Ndugu Mshauri wa Magari,

Nakusalimu kwa heshima. Mimi ni mwalimu mstaafu, naishi Tanga mjini pamoja na mke wangu, na gari letu ni Toyota Carina Ti ya mwaka 1998 ambayo nimekuwa nayo tangu nikiwa kazini. Injini yake haina tatizo, bodi yake haijaliwa sana na chumvi ya bahari, na kwa pensheni ninayoipata sioni uwezekano wa kununua gari jingine. Kinachonisumbua ni kiyoyozi. Mke wangu ana maradhi ya moyo na daktari amemkataza kukaa kwenye joto kali, kwa hiyo jambo hili kwetu si la anasa.

Kompresa iliyokuja na gari ilianza kwa kukoroma kila nilipowasha kiyoyozi, kisha siku moja tukiwa njiani kutoka Muheza ikakwama kabisa, mkanda ukalia na kutoa moshi. Fundi wangu, ambaye ni mtoto wa jirani na niliwahi kumfundisha darasani, aliikagua akaniambia imekufa. Aliagiza nyingine ya mtumba kutoka Ilala, Dar es Salaam, nikailipia shilingi laki mbili na themanini pamoja na usafiri. Alisafisha mabomba kwa petroli na kuyapuliza kwa upepo wa gereji, akasema draya, yaani kikaushio cha gesi, haina haja ya kubadilishwa kwa kuwa haivuji. Baada ya kufunga kompresa alivuta hewa kwa kompresa kuukuu ya friji ambayo ameigeuza kuwa pampu, kwa muda wa kunywa chai hivi, akaongeza oili kutoka kwenye chupa isiyo na maandishi, halafu akajaza gesi mpaka mapovu yalipotoweka kwenye kile kioo kidogo cha kutazamia gesi na bomba likawa la baridi mkononi.

Wiki za mwanzo tulishukuru. Hata hivyo niliona jambo moja ambalo fundi hakulitilia maanani: tukiwa barabara kuu kuelekea Korogwe baridi ilikuwa nzuri, lakini tukisimama Ngamiani au kwenye foleni yoyote hewa iligeuka vuguvugu, na baridi ikarudi mara tu gari lilipoanza kutembea. Haikufika miezi miwili, kompresa hii ya pili nayo ikaanza kukoroma. Taa ya kitufe cha A/C ikawa inawaka na kuzimika yenyewe kwa kupepesa, na kukawa na harufu ya kitu kinachoungua. Fundi alipolegeza bomba ilitoka oili ya kijivu iliyokoza, yenye chembe zinazometameta.

Fundi anasema tuliuziwa kompresa mbovu na kwamba safari hii ninunue mpya ya boksi. Muuzaji anasema spea ya mtumba ikishafungwa hairudishwi. Mimi sitaki kumdhania vibaya kijana niliyemlea, wala sitaki kutupa fedha mara ya tatu. Je, mwenye kosa ni nani, na je, ninunue kompresa nyingine au niachane na kiyoyozi kabisa?

Mwalimu Mstaafu, Tanga

JIBU

Shikamoo Mwalimu, na umpe pole mama. Umeeleza tatizo lako kwa utaratibu ambao mafundi wengi hawaupati kutoka kwa wateja wao, na karibu kila ninachohitaji kukijibu kimo ndani ya barua yako mwenyewe.

Usinunue kompresa ya tatu kwa sasa, iwe ya mtumba au ya boksi. Kompresa ya badala inapokufa mapema namna hii, mara nyingi chanzo kiko mahali pengine ndani ya mfumo, na kompresa ndiyo iliyoonyesha tu. Kisima kikiingia tope, kubadilisha ndoo hakusafishi maji. Na kwa maelezo yako, mfumo wa gari lako uliingia tope siku ile ile kompresa ya kwanza ilipokwama njiani kutoka Muheza.

Nieleze kilichotokea siku hiyo. Kompresa za Denso zilizofungwa kwenye Toyota nyingi za wakati huo zina silinda 10, na pistoni zake 5 zenye vichwa viwili husukumwa mbele na nyuma na bamba la mshazari linalozunguka katikati. Oili haikai kwenye kompresa peke yake kama inavyokaa kwenye injini, bali husafiri pamoja na gesi kupitia mfumo mzima na kurudi. Oili inapopungua au inapoharibika, bamba na pistoni husagana, na unga wa alumini na chuma unaotokana na msuguano huo husukumwa nje na gesi ya moto. Kituo chake cha kwanza ni kondensa, ile inayokaa mbele ya rejeta na kuipoza gesi ya moto; kutoka hapo huenda kwenye draya, kisha kwenye valvu ya ekspansheni iliyo nyuma ya dashibodi karibu na evaporeta, ile inayopoza hewa ya ndani ya gari. Kompresa inayokoroma kwa muda mrefu kabla ya kukwama, kama ilivyokuwa ya kwako, huwa imetoa unga mwingi kuliko ile inayokwama ghafla.

Sasa, kondensa za magari yaliyoanza kutoka kiwandani na gesi ya R134a, yaani kuanzia katikati ya miaka ya 1990, nyingi ni za mirija bapa yenye vijia vyembamba vingi vinavyokwenda sambamba. Ukimimina kitu chochote cha kuoshea, kitapita kwenye vijia vilivyo wazi na kuviacha vilivyoziba vikiwa vimeziba vile vile. Ndiyo maana fundi anaweza kuona petroli ikitoka safi upande wa pili na akaamini kwa nia njema kabisa kwamba kazi imekwisha. Kondensa ya aina hiyo, baada ya kompresa kusagika ndani, hubadilishwa. Kuiosha ni kujidanganya. Mabomba na evaporeta huweza kuoshwa, lakini kwa dawa iliyotengenezwa kwa kazi hiyo, huku valvu na draya vikiwa vimeondolewa, kisha yakakaushwa kwa naitrojeni. Upepo wa kompresa ya gereji huja na maji na oili yake, na kwenye unyevu wa Tanga maji hayo si haba. Petroli nayo, mbali na hatari ya moto, huacha masalia yanayozimua oili ya kompresa na huweza kudhuru mipira ya maungio.

Kuhusu draya, kutovuja si kipimo chake. Ndani yake mna chembe za kunyonya unyevu na chujio la kuzuia taka, na vyote viwili vina kikomo. Draya ya gari lako ilipokea unga wa kompresa ya kwanza, kisha ikaachwa wazi hewani wakati mabomba yanaoshwa. Draya ikifunguliwa kwa muda katika hewa ya pwani hushiba unyevu, na baada ya hapo haina kazi tena isipokuwa kuwa kizuizi njiani. Gesi ikipita kwa shida kwenye draya au kwenye valvu iliyoziba, oili nayo hairudi kwenye kompresa kwa kiasi kinachotakiwa, na kompresa huanza kujisaga. Kwa hiyo inawezekana kabisa kwamba uliletewa kompresa nzuri kutoka Ilala ikafa kwa kukosa oili huku oili ikiwa imekwama kwenye kondensa.

Nimeutaja unyevu, na hapa kuna suala la ile pampu ya friji. Lengo la kuvuta hewa si kuondoa hewa tu. Ni kushusha kanieneo (presha) ndani ya mabomba mpaka maji yaliyojificha humo yachemke na kutoka yakiwa mvuke. Kwa joto la nyuzi 30 maji huchemka pale kanieneo inaposhuka hadi karibu sehemu 1 ya 24 ya ile ya hewa ya kawaida. Kompresa ya friji iliyochoka inaweza kukaribia hapo au isikaribie, na bila geji nzuri hakuna anayejua. Lakini hata ikifika, muda wa kunywa chai hautoshi kukausha mfumo uliooshwa kwa petroli na kupulizwa kwa upepo wenye maji. Pampu ya kweli huachwa ikivuta kwa dakika 30 hadi 45, na mfumo uliofunguliwa muda mrefu huhitaji zaidi. Kisha valvu za geji hufungwa na mshale hutazamwa: ukipanda, kuna mahali panapovuja au kuna maji yanayoendelea kuchemka, na gesi haijazwi mpaka sababu ijulikane. Maji yakibaki, huchanganyika na gesi na oili yakazaa asidi inayokula metali taratibu, na mengine huganda kwenye tundu dogo la valvu.

Ile chupa isiyo na maandishi inanitia wasiwasi kuliko petroli. Magari ya zamani ya gesi ya R12 yalitumia oili ya madini, na oili hiyo haichanganyiki na R134a. Ikiwekwa kwenye mfumo wa R134a hubaki imetuama mahali fulani huku kompresa ikizunguka kavu. Gari lako linahitaji oili ya jamii ya PAG, ambayo kwa Toyota nyingi za wakati huo huandikwa ND-OIL 8. Oili za jamii ya POE, kwa mfano ND-OIL 11, ni za kompresa za umeme na si zako. Tafuta kibandiko chini ya boneti: mara nyingi kimeandikwa aina ya gesi, uzito wake kwa gramu na aina ya oili, na hata kama maneno mengine ni ya Kijapani, tarakimu zinasomeka. PAG pia hunyonya unyevu kwa kasi, hivyo chupa iliyokwisha kufunguliwa na kukaa rafuni gerejini kwa miezi haifai hata kama jina lake ni sahihi.

Kiasi nacho kina kanuni. Kompresa mpya ya boksi mara nyingi huja na oili ya mfumo mzima, hivyo fundi humwaga oili iliyobaki kwenye kompresa ya zamani, huipima, kisha hupunguza ile ya mpya ili isizidi. Kompresa ya mtumba huja na kisichojulikana, na njia salama ni kuimwaga yote na kuweka kipimo upya. Ukibadilisha kondensa au evaporeta, huongezwa takriban mililita 40 kwa kila kimoja, na kwa draya kama mililita 10 hadi 15. Oili ikizidi, nayo ni hasara, kwa sababu hupunguza ubaridi na kupandisha kanieneo.

Nifike sasa kwenye jambo uliloliona wewe mwenyewe Ngamiani, ambalo kwangu ndilo zito kuliko yote katika barua yako. Kiyoyozi kinachopoza gari likienda kasi na kuwa vuguvugu likisimama kinakuambia kwamba kondensa haipati upepo wa kutosha isipokuwa ule unaoletwa na mwendo. Gesi isipopoa kwenye kondensa, kanieneo ya upande wa juu hupanda, na kompresa hulazimika kusukuma mzigo mkubwa kuliko uliokusudiwa, kila unapokuwa kwenye foleni, kwa wiki zote hizo. Hata kompresa mpya iliyotoka kiwandani jana isingedumu.

Chanzo cha kwanza cha kukagua ni feni. Kiyoyozi kinapofanya kazi feni ya kondensa inatakiwa kuzunguka, na ikiwa haizunguki kuna fyuzi, rilei, waya au mota ya kutazamwa kwa mpangilio huo, kuanzia kilicho rahisi. Kwa kuwa sasa mfumo wako umefunguliwa, mwambie fundi aipe feni umeme wa moja kwa moja kutoka kwenye betri: ikigoma au ikizunguka kivivu, umempata mshukiwa wa kwanza kwa gharama ndogo. Ikizunguka, shika karatasi mbele ya grili uone kama inavutwa kuelekea gari. Nalisema hili kwa sababu feni zilizobadilishwa mota huwahi kufungwa waya kinyume, zikapuliza mbele badala ya kuvuta nyuma, na gari likienda kasi upepo wa barabara huzishinda nguvu na kila kitu kikaonekana sawa.

Feni ikiwa nzima, chungulia kati ya kondensa na rejeta kwa tochi. Gari la umri huo huwa limekusanya vumbi, manyoya, majani na wadudu mahali ambapo mtu anayeosha gari kwa mbele hawezi kupaona, na mara nyingi inabidi rejeta isogezwe ndipo uchafu utoke. Kama utabadilisha kondensa, kazi hiyo itafanyika papo hapo.

Chanzo kingine ni gesi yenyewe: imezidi, imechanganyika na hewa, au si R134a. Kile kioo kidogo kinaweza kuonyesha mapovu gesi ikipungua, lakini mapovu yakitoweka kioo hakisemi kama gesi imefika kipimo au imepita kipimo, kwa sababu vyote viwili huonekana vile vile. Kujaza kwa kuangalia kioo na kugusa bomba, hasa asubuhi penye baridi, ni njia nyepesi sana ya kuzidisha. Gesi hupimwa kwa mizani: mtungi huwekwa juu yake na huondolewa zile gramu zilizoandikwa kwenye kibandiko.

Kuna kipimo kimoja kizuri ambacho hakihitaji hata injini kuwashwa. Gari likilala usiku kucha na asubuhi likawa na joto sawa na hewa, R134a safi husoma kanieneo inayolingana na joto hilo kwenye geji zote mbili: kwa nyuzi 25 ni kama psi 82, na kwa nyuzi 30 ni kama psi 97. Geji zikisoma juu zaidi kwa dhahiri, ndani kuna hewa au gesi ngeni. R22, ile ya viyoyozi vya zamani vya nyumbani ambayo baadhi ya mafundi huijaribu kwenye magari kwa kuwa wanayo, kwa nyuzi 30 hufika karibu psi 158. Kwako kipimo hiki kimeshapitwa na wakati kwa kuwa bomba lilikwisha kulegezwa, lakini kitakufaa baada ya matengenezo.

Na kama fundi atanunua gesi, aione kwenye mtungi wake wenye jina, wala asinunue iliyomiminwa kwenye mtungi mwingine. Gesi za bandia zipo, na mbaya kuliko zote ni ile yenye kloridi ya methili, yaani R40, ambayo ikikutana na alumini huzaa kemikali inayoweza kuwaka ikigusa hewa. Mwaka 2011 makontena ya ubaridi yaliyodhaniwa kujazwa gesi ya namna hiyo yalilipuka na kuua wafanyakazi, wakiwemo wa Vietnam. Gesi ya kupikia nayo hupoza vizuri, na wapo wanaoisifu, lakini mimi sitamshauri mtu aweke kitu kinachowaka kwenye evaporeta iliyo mbele ya magoti ya mkewe.

Taa inayopepesa nayo ina maana yake. Katika baadhi ya Toyota za miaka ya 1990 kompresa ina kihisi kinachosoma mzunguko wake, na kompyuta ya kiyoyozi hulinganisha mzunguko huo na ule wa injini. Ikiona kompresa imebaki nyuma kupita kiasi, hukata umeme wa klachi, ile inayoiunganisha kompresa na puli ya mkanda, na kupepesa taa ili mkanda usikatike. Harufu ya kuungua uliyoisikia inaafikiana na hilo: klachi ilikuwa inateleza kwa sababu kompresa ilikuwa nzito kuzungushwa. Angalizo moja kwa fundi: kompresa ya badala isiyo na kihisi, au yenye soketi tofauti, itapepesa taa hata ikiwa nzima. Dawa yake ni kupata kompresa yenye namba sahihi. Kuidanganya kompyuta kwa kuunganisha waya wa njia ya mkato ni kuondoa ulinzi pekee uliouokoa mkanda wako mara hii ya pili.

Uliuliza mwenye kosa ni nani. Kwa ushahidi uliopo sithubutu kumhukumu muuzaji, kwa sababu chembe zile zinaweza kuwa za kompresa yake au za ile ya kwanza, na mfumo haukuwa safi kompresa yake ilipofungwa. Kijana wako alifanya yanayofanywa na gereji nyingi zisizo na vifaa, na nadhani hakukudhulumu. Alikosa pampu, mizani na mtu wa kumwambia kwamba kondensa ile haioshwi. Usimwendee na mashtaka. Mwombe mfungue pamoja kompresa zote mbili juu ya gazeti, muone oili ya kila moja na mikwaruzo ya pistoni. Oili nyeusi yenye harufu ya kuungua husimulia joto na mzigo mkubwa. Ya kijivu inayometa husimulia msagano. Yenye utusitusi na kutu husimulia maji. Kumwalika aone kutamfundisha zaidi kuliko kumkaripia, na hilo wewe Mwalimu unalijua kuliko mimi.

Kisha kubalianeni kazi igawanywe. Yeye afungue na kufunga, kwa kuwa anaijua Carina yako, na gari lipelekwe kwenye gereji yenye mashine kwa ajili ya kuvuta hewa na kupima gesi kwa mizani, malipo ya hatua hiyo yakiwa peke yake. Kwa njia hiyo hujamwacha, na hujamtwika kazi asiyo na vifaa vyake.

Fedha zako zitangulie kwenye feni kama ina hitilafu, kisha kondensa mpya, draya mpya, valvu ya ekspansheni na mipira yote ya maungio. Kompresa iwe ya mwisho kununuliwa. Najua mpangilio huu unakera, kwa sababu utakuwa umetoa fedha nyingi kabla baridi haijaonekana; lakini ukikosa fedha za kondensa na draya mwezi huu, ni bora kusubiri kuliko kununua kompresa na kuifunga kwenye uchafu ule ule. Ukiweza, ongeza chujio dogo kwenye mdomo wa kompresa upande wa gesi inayorudi, ili masalia yaliyobaki kwenye evaporeta yanaswe hapo.

Kati ya mtumba halisi wa Kijapani na kopi mpya ya bei nafuu, mimi binafsi huchagua mtumba halisi, mradi nimeushika mwenyewe. Matundu yake yawe yamezibwa kwa vifuniko, si kuachwa wazi kwenye vumbi la duka. Zungusha uso wa klachi kwa mkono: uwe na ukinzani laini unaolingana mzunguko mzima, bila kukwama wala kukwaruza, na puli izunguke peke yake bila mlio wa beringi. Inamishe oili idondoke kwenye karatasi nyeupe. Ikiwa na rangi ya kijivu au chembe, irudishe rafuni hata kama bei inavutia. Linganisha namba na soketi na ile ya zamani. Kabla ya kuwashwa mara ya kwanza, fundi aizungushe kwa mkono kama mara 10 ili oili iliyotuama isigongwe na pistoni, na nafasi ya klachi ipimwe, ambayo kwa nyingi ni karibu nusu milimita.

Kazi ikikamilika, usikubali kipimo cha mkono kwenye tundu la hewa. Kiyoyozi kikiwa kwenye baridi ya mwisho, feni ya ndani kwenye kasi ya juu, hewa ikizungushwa ndani na injini ikienda mizunguko 1,500 kwa dakika, geji ya upande wa chini inatakiwa isome kati ya psi 21 na 36, na ya upande wa juu kati ya psi 199 na 228, hewa inayoingia ikiwa ya nyuzi 30 hadi 35. Kipimo hicho kifanyike gari likiwa limesimama, na liachwe likinguruma dakika kadhaa, kwa sababu ugonjwa wako ulijificha barabarani na kujitokeza kwenye foleni. Upande wa juu ukipanda mfululizo gari likiwa limesimama, zimeni, mrudi kwenye feni na kondensa.

Je, uachane na kiyoyozi? Kwa hali ya mama, nisingekushauri hivyo, na gari lenye injini nzima lina haki ya kutengenezwa. Kwa muda huu wa kusubiri, fundi achomoe soketi ya klachi ili kompresa isivutwe hata kitufe kikibonyezwa kwa bahati mbaya, na azibe midomo ya mabomba yaliyofunguliwa ili unyevu usizidi kuingia. Mkanda ukiwa umeungua, ubadilishwe sasa, na mtazame kwanza unazungusha nini kingine kabla ya kufikiria kuutoa. Puli ikiendelea kulia huku klachi ikiwa haina umeme, kelele hiyo ni ya beringi ya puli, si ya ndani ya kompresa, na gari lisiendeshwe safari ya Korogwe kabla haijashughulikiwa, kwa kuwa beringi ikikwama njiani itaondoka na mkanda. Safari za mama kwenda kliniki ziwekwe asubuhi mapema.